Kipa Aliyeogopa Mpira

Senén Llaneza alikuwa kipa, na alikuwa anaogopa mpira.

Watu wa Sotrabal, kijiji chake cha kaskazini mwa Hispania, walijua mengi juu yake. Walijua alianza kudaka utotoni katika uwanja wao wa matope, nyuma ya mgodi uliofungwa. Walijua alichukuliwa kwenda Huelva, kusini kabisa, akakaa benchi mpaka makalio yakaota sugu. Kisha akatoka nje ya Hispania. Kule Volos, Ugiriki, walimwimba jina wasilojua kulitamka. Kule Norwei alidaka kwenye theluji mpaka vidole vikawa havimjui. Mwisho akaishia Larnaka, kisiwani Kupro, ambako joto lilikuwa linatoka ardhini kama pumzi ya ng'ombe. Hayo yote waliyajua, na baa nzima ingeweza kukusimulia. Lakini hilo la kuogopa hakulijua mtu. Alilificha kama mtu anavyoficha donda mahali ambapo nguo haifunuliwi.

Hofu yenyewe ilianzia Larnaka. Kona ilipigwa, Senén akaruka, na goti la mshambuliaji likampata juu ya jicho la kushoto. Aliinuka, akapangusa damu, akamaliza mechi, wakampigia makofi. Siku chache baadaye, akiwa anakunywa kahawa yake, akaona pazia jeusi linashuka upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayefunga duka. Akafumba jicho la kulia kujaribu. Dunia ikawa ukungu mtupu.

Daktari wa macho, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alifanya alichoweza. Kisha akamkalisha na kumwambia, "Kilichobaki ni kidogo sana. Ukipigwa tena hapo, hata hicho kidogo kitazimika. Na macho ni ndugu, Senén. Moja likiumia vibaya, mara nyingine mwenzake hulifuata. Rudi kwenu ukapumzike."

Alirudi kwao, ila hakupumzika. Sotrabal ina desturi yake: mtoto wa hapo aliyekwenda kucheza mbali hurudi kumalizia katika jezi aliyoanzia, ile nyeusi yenye mstari mwekundu. Asiporudi, wazazi wake husalimiwa kwa kichwa tu. Mjomba wake Colás, mwenye ghala la kukamulia matufaha, alikuwa ameshatundika picha ya Senén juu ya mapipa. Mama yake, Oliva, alikuwa ameshafua pazia la chumba chake cha zamani. Angewaambia nini? Akajiambia, mwaka mmoja tu. Nitadaka mwaka mmoja, nivue glavu, nikae.

Palikuwa na kipimo cha afya kabla ya ligi kuanza. Daktari wa kijiji alimsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akamwambia afunike jicho moja. Senén akafunika la kushoto kwa mkono wa kushoto, akasoma zote hadi zile ndogo za chini. "Sasa lingine," alisema daktari, huku akimuuliza habari za mashabiki wa Ugiriki, ni kweli wanawasha moto jukwaani? Senén akafunika jicho lile lile la kushoto, safari hii kwa mkono wa kulia, akasoma tena hadi chini. Daktari akaandika kwamba ana macho ya mwewe. Senén akatoka nje akitabasamu.

Toka hapo aliishi kwa hila. Mpira ukija kutoka kulia aliudaka kama zamani. Ukija kutoka kushoto hakujua uko karibu au mbali, ulikuwa kivuli kinachokua ghafla. Kwa hiyo akawa anapiga kelele. Aliwaita mabeki kwa majina, aliwasukuma kwa sauti, "Toa! Rudi! Wako huyo!" ili mpira usimfikie kabisa. Na usipokuwa na budi kumfikia, hakuudaka, aliupiga ngumi kwa kubahatisha na kumwomba Mungu. Watu wakapenda. Wakasema ndivyo wanavyodaka ng'ambo.

Beki wake wa kati alikuwa Berto, fundi wa matrekta, baba wa mabinti wawili, mtu wa maneno mengi. "Kipa wetu ana mdomo kama king'ora," alikuwa akiwaambia wenzake. "Huko walimfundisha kupiga kelele. Kudaka wametuachia sisi."

Senén alicheka nao. Lakini kila Jumapili asubuhi alitapika, kwanza akifungulia maji ili mama yake asisikie. Akiwa langoni jasho jembamba lilimtoka hata kwenye baridi. Wakati mwingine, mpira ukiwa bado uko mbali kwenye lango la wenzao, alijikuta ameinua mkono na kulikinga jicho, kama mtu anayezuia jua. Na Sotrabal jua si la kila siku.

Hivyo hivyo, kwa kelele na kubahatisha, Sotrabal ikafika mwisho wa ligi ikiwa na nafasi ya kupanda daraja. Zilibaki mechi mbili na majirani zao wa Peñamora, moja huko, moja nyumbani. Peñamora walikuwa na mshambuliaji mrefu anayeitwa Quirós, ambaye viwiko vyake vilijulikana bonde zima. Mechi ya kwanza ikaisha sare, bao moja kwa moja. Refa alipopuliza, Quirós alikuja kumpa Senén mkono kama ilivyo adabu. Alimshika, akamvuta karibu, akamwambia sikioni, taratibu kabisa:

"Jumapili ijayo, mzee, nitapita kushoto."

Akaenda zake. Senén alisimama pale pale mvua ikimnyeshea. Amejua? Au amesema tu, kama washambuliaji wanavyosema? Alijaribu kukumbuka sura ya yule mtu, kama ilikuwa ya dhihaka au ya uhakika, akakumbuka kwamba hakuiona vizuri. Quirós alikuwa amesimama upande wa kushoto.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kijiji, na mjomba Colás aliwaalika wachezaji na jamaa ghalani kwake. Palikuwa na mayai ya kuchemsha, soseji zilizochemshwa kwa sidra, jibini kali la buluu na mkate wa mahindi. Sidra yenyewe, pombe ya matufaha, hainywewi kila mtu na glasi yake. Glasi ni moja, inazunguka. Mmiminaji huinua chupa juu ya kichwa, glasi huishika chini pajani, na kinywaji huanguka kutoka juu hadi chini kwa uzi mwembamba mpaka kitoe povu. Hatazami glasi. Hutazama mbele, kama vile mkono ule si wake. Anakupa, unakunywa kwa mkupuo kabla povu halijafa, unamwaga tone la mwisho pale ulipoweka mdomo ili kuosha ukingo, unarudisha.

"Mwana wa nyumba amimine," alisema Colás. "Tuone kama Wagiriki hawakumharibu."

Senén aliinua chupa. Katika kazi hiyo macho hayana kazi, na mikono ilikumbuka. Uzi wa sidra uliingia glasini bila kupotea hata tone. Wakapiga makofi, naye kwa mara ya kwanza baada ya miezi akajisikia mzima. Akamimina tena na tena, glasi ikazunguka kwa Berto, kwa kocha Gelu, kwa Lino kipa wa akiba, ambaye siku za kazi alikuwa akipeleka mikate majumbani.

Kisha Colás akasema, "Basi, sasa na wewe unywe," akachukua chupa. Alimimina, akamnyooshea glasi haraka, maana povu halingoji. Alikuwa amesimama kushoto.

Mkono wa Senén ulikwenda ukafumba hewa. Ukaenda tena, ukafumba hewa tena, umbali wa kiganja kizima kutoka kwenye glasi. Mara ya tatu ukaigonga, ikaanguka, ikavunjika kwenye sakafu ya mawe.

Ghala zima likacheka.

"Amezoea vikombe vya kahawa vya huko," alisema Berto. "Mleteeni ndoo, mpwa wa watu asife na kiu."

"Glavu, mpeni glavu zake," mwingine akadakia.

Senén akacheka kuliko wote. Akasema ni uchovu, jana amekimbizwa na lile jitu la Peñamora. Akainama kuokota vigae, na alipoinua uso akamwona mama yake mwishoni mwa meza. Oliva alikuwa ameshika yai mkononi, amelimenya nusu. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu ya milima, mama na mwana. Oliva alitembea upande wa kushoto. Walivuka daraja la mto, wakapita mbele ya duka la dawa, wakaanza kupanda kilima. Hapo mama akasimama.

"Senén."

"Naam, mama."

"Mkono wangu uko wapi?"

Alimgeukia mzima, kichwa na mabega. Kiganja cha mama yake kilikuwa wazi mbele ya uso wake, karibu kabisa, karibu kugusa kope.

"Nimeuweka hapo tangu darajani," alisema Oliva. "Tumepishana na watu, wamenishangaa. Wewe hata kupepesa hukupepesa."

Alitaka kusema ni mawazo. Alitaka kusema jua. Badala yake akaketi juu ya ukuta mfupi wa mawe, akamweleza yote, goti la Larnaka, lile pazia, yule daktari mnene, na namna alivyosoma ule ubao. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkoba wake ameukumbatia kifuani kama mtu aliye kwenye treni yenye wezi.

"Na la kulia?" aliuliza.

"La kulia zima."

"Lakini alisema hufuata."

"Alisema mara nyingine."

Oliva akashusha pumzi. "Mwambie Gelu."

"Mama, imebaki Jumapili moja tu. Kijiji kizima, mjomba, wote. Nitoke sasa? Watasema nimemwogopa Quirós."

"Na humwogopi?"

Senén aliinuka ukutani, akajipangusa vumbi.

"Jumapili moja tu," alirudia mama yake, akitazama chini bondeni, kulikokuwa na mnara wa mgodi wenye kutu. "Baba yako naye alisema zamu moja tu. Alikuwa anakohoa, alijua hewa ya kule chini si nzuri, akaona haya kutoka juu kabla ya wenziwe, akabaki huko huko." Akaanza kupanda kilima. "Mimi sitamwambia mtu. Wewe si mtoto. Lakini Jumapili sitakuja uwanjani. Nimeshasubiri mlangoni mwa mgodi mara moja, inatosha."

Wiki ile Senén hakujua chakula kina ladha gani. Alijikaza kisabuni. Mazoezini alidaka mipira ya kulia tu, ya kushoto akajifanya anawaachia wenzake wajifunze. Mara mbili alikwenda hadi mlangoni pa kocha Gelu. Mara ya kwanza alikuta taa imezimwa akafurahi. Mara ya pili Gelu mwenyewe alifungua, akamkumbatia kabla hajafungua mdomo, akasema, "Bila wewe, Senén, tungekuwa wapi?" Na Senén akasema alikuwa anapita tu.

Jumapili ikafika na mvua ya rasharasha, ile isiyolowesha upesi lakini haikuachi. Uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta wa makaburi ng'ambo ya barabara. Senén alitapika, akanawa, akavaa glavu. Alipoingia langoni alitafuta kwa jicho zima mahali ambapo mama yake huketi. Palikuwa na mwavuli wa mtu mwingine.

Quirós alikuwa mtu wa ahadi. Tangu mpira ulipoanza alihamia upande ule, na Peñamora wakawa wanapiga krosi zao zote kutoka huko. Ya kwanza Berto aliitoa kwa kichwa. Ya pili ikapita mbele ya lango bila kuguswa na mtu, Senén akaisikia tu ikivuma kama nyuki mkubwa. Kila alipogeuza kichwa kumtafuta Quirós kushoto, alipotewa na wachezaji wa kulia. Na yule mtu mrefu alikuwa anapita karibu naye, anatabasamu kidogo, na kukunja kiwiko chake na kukikunjua, kama fundi anayejaribu bawaba ya mlango.

Kipindi cha pili kilikuwa bado kichanga ilipokuja kona. Senén aliona mpira ukiondoka mguuni, halafu ukaingia kwenye ukungu wake. Hofu ilimwambia abaki mstarini. Aibu ikamwambia atoke. Akapiga kelele, "Yangu!" kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na Berto, aliyekuwa tayari kuruka, akamwamini, akashusha mikono na kusimama. Senén akaja na ngumi. Alipiga mahali alipodhani mpira upo.

Aligonga kitu kigumu, halafu kitu laini. Mpira wenyewe ulianguka nyuma yao, mtu akautoa nje.

Berto alikuwa amepiga magoti, mikono usoni, damu ikimpita katikati ya vidole na kuingia kwenye matope. Refa akapuliza. Senén akainama juu yake.

"Uliita," alisema Berto, sauti ikitokea puani kwa shida. "Ulisema yako. Nimekuachia."

"Nilikosea. Mwanga."

"Mwanga gani? Tangu asubuhi jua halijatoka." Berto akainua uso, pua imekwenda upande. Alimtazama, akamtazama tena, kisha akainua mkono wake wenye damu, akaupeleka kando, kushoto. "Vidole vingapi?"

Senén hakugeuza kichwa. Angeweza kugeuza, angeona. Alichoka.

"Sijui," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Larnaka."

Berto hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nimeweka kichwa changu mbele ya ngumi zako. Nina watoto, Senén."

Muda wote Senén alikuwa ameogopea jicho lake. Alikuwa amelilinda kwa kelele, kwa hila, kwa miili ya wenzake, na hakuwahi kufikiri kwamba ngumi inayopiga gizani ina mahali pa kutua. Sasa aliitazama glavu yake, nyekundu kwenye vifundo, na hofu ikageuka nyingine, mbaya kuliko ile ya kwanza. Akaanza kutembea kuelekea benchi.

"Unaenda wapi?" aliita kocha Gelu. "Rudi langoni. Ni pua tu, atapona."

"Nitoe, kocha."

"Umeumia?"

"Sioni kwa jicho la kushoto. Sijaona mwaka wote." Uwanja mdogo ule ulikuwa umenyamaza, kila aliyesimama kwenye uzio alisikia. "Na naogopa mpira. Nitoe kabla sijaua mtu."

Nyuma ya uzio mzee mmoja akasema polepole, kama anayejumlisha, "Kumbe ndiyo maana ya lile bao la wakati wa theluji." Mwingine akasema, "Na lile la penalti." Wakawa wanayakumbuka mabao ya mwaka mzima, moja moja, na kila moja lilimpiga Senén mgongoni kama jiwe dogo.

Lino alikuwa ameshasimama. Alikuwa anavaa glavu.

"Quirós anapita kushoto," Senén alimwambia.

"Nimeona," alisema Lino. "Mimi naona, ndugu yangu. Shida yangu ni kudaka."

Alidaka alivyoweza. Berto alirudi na pamba puani, akacheza hadi mwisho. Lakini dakika za mwisho mwisho Quirós aliruka juu ya watu wote, akapiga kichwa, mpira ukaingia. Sotrabal haikupanda daraja. Kama Senén mzima angeuzuia au asingeuzuia, mpaka leo wanabishana.

Alibaki chumba cha kubadilishia nguo mpaka wenzake wote wakatoka. Wengine walimgusa bega, wengine walipita kama anavyopitwa mgonjwa wa ambukizo. Nje alisikia sauti getini, hawakuwa wametawanyika. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

Mlango ukafunguliwa. Berto, uso umevimba, macho yameanza kuwa meusi.

"Nipe funguo," alisema.

"Za nini?"

"Za gari lako. Jumatano ulinipeleka mjini Oviedo kuchukua vipuri, kwa njia ya mlimani, mvua inanyesha."

"Nilienda polepole."

"Nilidhani ni adabu," alisema Berto. "Nilimwambia mke wangu, yule kaka ameishi ng'ambo, anaendesha kistaarabu." Akapokea funguo, akazitia mfukoni. Hakutabasamu. "Nimekukasirikia, ujue. Nitakukasirikia muda mrefu. Lakini kesho asubuhi nakupeleka hospitali, macho yako na pua yangu, tutakwenda pamoja. Mama yako naye anakuja. Nimemkuta getini."

"Getini? Alisema haji."

"Amekuja amechelewa. Amesimama pale kama wakati ule wa mgodini, hasemi na mtu."

Senén aliinuka. Ushoroba ulikuwa mwembamba, na mwisho wake palikuwa na mwanga, na watu.

"Berto. Na la kulia likifuata?"

Berto alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa sauti, kama ng'ombe mwenye mafua.

"Mimi ni fundi wa matrekta," alisema. "Sijui. Tutamuuliza daktari. Kipimo cha kijijini sijui ulikipitaje, lakini safari hii ukiambiwa funika jicho, nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Senén akaweka mkono ukutani, akaenda kwa watu wake, na hofu yake yote akiwa nayo.